Ukuta Unaosubiri Kukwaruzwa

Tarehe 9 Juni 2017, daftari la wodi ya mifupa liliandika mgonjwa wa kumi na nne: msichana, miaka kumi na saba, mkono wa kulia umevunjika, chanzo sketibodi. Wenzake wa sketibodi humwita Kovu.

Mkono ukiwa kwenye plasta, alichora ndege chini ya ubao wake kwa mkono wa kushoto, kwa rangi iliyobaki kwa shangazi yake, fundi wa mabango. Alipopona, ndege huyo alidumu siku mbili tu, akafutwa na kingo za ngazi.

“Umepaka kama mtu anayedhani dunia ni laini,” shangazi akamcheka.

“Sasa nifanyeje, Shangazi?”

“Kitakachokwaruzwa, kiwekee akiba chini.”

Kovu akapaka njano, juu yake nyekundu, kisha nyeusi. Kila mkwaruzo ukaibua rangi. Vijana walipomletea mbao zao, hakufungua kopo kabla ya kuuliza: “Wewe unasugua ubao mbele au nyuma?”

Mwaka huu hospitali ileile iliyomtibu ilitafuta mchoraji wa korido. Wengine walileta michoro ya maua. Kovu alikaa kwenye benchi siku mbili, akitia chaki kila mahali vitanda vya magurudumu vilipogonga ukuta.

“Mwanangu, nikuajiri upake ukuta uharibike?” aliuliza muuguzi mkuu.

“Umeshaharibika, Mama. Nataka uharibike vizuri.”

Akapewa mita nne na mwezi mmoja. Ukuta ukionekana mchafu, ataupaka rangi nyeupe mwenyewe na kwenda zake.

Alificha samaki wa njano chini ya majani aliyochora, lakini wiki mbili zikapita bila hata mmoja kutokea. Ilikuwa michirizi myeusi tu. Alikuwa amepaka rangi ngumu ya kukwaruzwa na zege, kama kwenye sketibodi, ilhali pembe za vitanda ni mpira. Hakubishana. Alikwangua mita zote nne, akarudia kwa tabaka la juu jembamba, laini zaidi.

Siku ya ishirini na sita, msukuma kitanda alikata kona vibaya. Mgongo wa samaki wa njano ukachomoza.

“Nani kakufundisha kuendesha?” alilalamika mzee aliyelala kitandani. Kisha akageuza shingo. “Hebu rudi kidogo, nimwone.”

Muuguzi mkuu aliushuhudia mkwaruzo huo, akaupitishia kidole, akaagiza ndoo za chokaa nyeupe zirudishwe stoo.

Jumatatu Kovu anaanza korido ya wodi ya mifupa: mita sitini, kuanzia mlango wa mapokezi.