Supu ya Vitunguu kwenye Mafiga ya Mama

Vitunguu vikikaa muda mrefu ndani ya siagi, juu ya moto mdogo, harufu yake hugeuka. Mwanzoni ni kali na inawasha macho. Baadaye inakuwa tamu na nzito, karibu na harufu ya muwa uliochomwa. Mke wa mwanangu hupenda kupika hivyo. Harufu ikifika hapo, mimi huchukua kiti changu nikaenda kukaa barazani, hata kama mvua inanyesha. Yeye amezoea, haulizi tena. Ninyi nitawaambia sababu, maana ni vigumu kuisema mbele ya mtu anayekupikia kwa moyo mwema.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, kwenye vilima vilivyo juu ya Burungu, huko Masisi. Asubuhi zetu zilikuwa za ukungu na baridi inayouma vidole. Maharagwe na viazi vilipanda mlima hadi kwenye mianzi, na chini, penye tambarare, palikuwa na shamba la mzungu mmoja: ng'ombe, pareto, na nyumba ya matofali yenye dohani iliyotoa moshi mchana kutwa. Papa, ndivyo tulivyomwita baba yetu, alikuwa mpishi wa nyumba hiyo. Alirudi jioni mikono ikinuka sabuni na mdalasini, akaketi mbele ya nyumba akingoja chakula kama wanaume wengine wote wa kilimani.

Watu walimtania kwa hilo, na Mama kuliko wote. "Mupishi mukubwa," alimwambia, "bazungu banakulipa ubapikie majani kama mbuzi, sasa kuja ukule chakula ya bantu." Papa alicheka, akala, akasema chakula cha Mama kinashinda cha Madamu, mke wa mzungu. Hakuwahi kupika nyumbani hata siku moja. Jiko letu lilikuwa kibanda cha nyasi kilichoegemea nyuma ya nyumba, na ndani yake mafiga matatu ambayo Mama aliyachagua mwenyewe mtoni alipoolewa. Papa akitaka moto wa kiko chake alisimama mlangoni, akanyoosha mkono, na Mama akampa kaa kwa kijiti. Niliona jambo hilo kila jioni. Nilidhani Papa hapendi moshi tu.

Mama hakuwa mtu wa vilima vyetu. Kwao kulikuwa Kalembe, mahali ambapo milima ya Masisi inashuka kukutana na msitu wa Walikale. Baba zake walikuwa wawindaji. Walibatizwa, waliimba kanisani kama sisi, lakini kuna mambo waliyoyabakiza kutoka kwa wazee wao na hawakuyazungumza mbele ya katekista.

Nilikuwa na umri wa kuota meno ya pili Mama alipojifungua mtoto ambaye hakulia. Walimzika nyuma ya migomba. Mama alirudi kitandani, na kila asubuhi nilidhani ataamka, kwa sababu tangu nimjue Mama alikuwa anaamka. Homa ilimshika, ikamwachia, ikamshika tena. Papa alimbeba kwa machela pamoja na majirani hadi dispanseri. Mganga wa huko alimpima, akampiga sindano, akamwita Papa pembeni nami nikiwa nimeshika suruali yake.

"Dawa nimeshatoa," alisema. "Sasa akule. Akikula, atapona. Asipokula, mimi sina ingine."

Maneno hayo yakawa sheria ya nyumba yetu. Majirani walileta uji wa mtama, maziwa, ndizi zilizopondwa. Mama aligusa kwa ulimi, akatikisa kichwa, akageukia ukuta. Bangili yake ya shaba, ambayo zamani ilimbana kwenye kifundo cha mkono, sasa iliteleza hadi kwenye kiwiko. Mimi nilipika viazi vitamu kila siku, kwa sababu ndicho nilichojua, na kila siku nilivila mimi na mdogo wangu. Shangazi, dada yake Papa, aliishi mbali na habari zilikuwa bado njiani.

Sasa nifike kwenye supu. Huko kwa mzungu, wakati wa mvua kubwa, Madamu aliwahi kuugua akakataa kila kitu. Papa akampikia supu ya vitunguu, namna aliyofundishwa na mpishi wa zamani. Madamu akala, akaongeza, akaamka. Papa aliisimulia hadithi hiyo mara nyingi, na kwinini aliyokunywa Madamu siku zile haikutajwa kamwe. Kwake yeye, ile supu ilikuwa imemtoa mtu kaburini.

Jumapili moja, baada ya ibada, alirudi na kifurushi ambacho Madamu alimruhusu kuchukua: vitunguu vikubwa vya bustani yao, mkate uliokauka, kipande cha jibini chenye ganda gumu, na siagi ndani ya kopo. Akasimama mlangoni pa jiko muda mrefu kuliko mtu anayeomba kaa la kiko. Kisha akavua viatu, akaingia.

"Sogea, Sifa," aliniambia. "Leo utaona kazi ya papa yako."

Akaondoa chungu changu cha viazi juu ya mafiga. Akachochea majivu, akatoa kuni kubwa, akabakiza makaa. Kisu chake kilikata vitunguu kwa mlio mmoja wa haraka, kama mvua juu ya bati, mlio ambao nyumba yetu haikuwahi kuusikia. Machozi yakatutoka sote wawili, tukacheka.

"Kata bembamba," alisema. "Kisha moto kidogo. Bitunguu haipendi haraka. Ukiiharakisha inaungua inakuwa buchungu, na mugonjwa hatakula."

Alikoroga, akakoroga. Mimi nilichuchumaa karibu yake nikitazama vitunguu vikilainika, vikawa njano, vikawa rangi ya udongo wa njiani. Ndipo harufu ilipogeuka. Ilitoka nje ya jiko ikafika barabarani, ikamleta Papa Riziki, mchungaji wa ng'ombe, mtu ambaye hakuweza kupita mlango wa mtu bila kutupa neno.

"Ee, Papa Sifa," aliita kutoka uani, "muke yako alishakufa, na hautuambie? Njo maana unapika?"

"Muke yangu iko," Papa alijibu bila kuinua kichwa. "Ni yeye njo napikia."

"Basi ukimaliza kuja kupika kwangu pia. Wangu anapikaka mubaya na hajagonjwa."

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka. Kati ya jiko na chumba cha Mama palikuwa na ukuta wa matete na udongo tu.

Mama aliniita. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilinyooka, nikaingia mbio. Alikuwa ameinua kichwa.

"Nani iko mu jiko yangu?"

"Ni Papa."

"Papa yako, yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Anapika supu ya Madamu."

Mama akateremsha miguu chini, mguu mmoja, na mwingine, akashika nguzo ya kitanda. Nilifurahi, nikadhani anataka kuiona supu. Alisimama kwa muda wa pumzi moja, akaketi tena, akalala. Akaniambia nikae karibu na kichwa chake.

Hapo akaanza kusema, yeye ambaye kwa siku nyingi hakusema zaidi ya "maji". Akaniambia mbegu za maharagwe ziko kwenye kibuyu juu ya dari, zimechanganywa na majivu ili dudu asizile, na zile nyeupe zenye madoa mekundu zipandwe kwanza. Akaniambia mdogo wangu asilale tumbo wazi, kifua chake hakipendi baridi. Pagne ya bluu, kitenge chake kilicho ndani ya kikapu, nitaivaa nikikomaa, nisimpe mtu.

"Shangazi yako atakuja," alisema. "Anasemaka kwa nguvu, lakini haiko mubaya. Usimujibu vibaya."

"Ndiyo, Mama."

"Na mafiga utaiacha kwa tate yako. Yeye anajua."

Tate ni mama aliyemzaa Mama, wa kule Kalembe. Sikuuliza tate anajua nini. Nilikuwa nimejaa furaha. Nilitoka mbio hadi jikoni nikamwambia Papa kwamba Mama anasema, anasema mengi, hata anapanga kazi ya shamba.

Papa aliinua uso uliolowa machozi ya vitunguu. "Nilikuambia," alisema. "Ni harufu tu. Bado hajakula."

Akatia unga kidogo, akamimina maji ya mifupa ya kuku, akaacha vichemke. Hatukuwa na oveni. Alipanga vipande vya mkate juu ya supu, akakwangua jibini juu ya mkate, akafunika sufuria kwa kifuniko cha bati na kulundika makaa juu ya kifuniko, ili moto uje kutoka juu na chini. Alipofunua, jibini lilikuwa limeyeyuka, lina malengelenge ya rangi ya dhahabu. Sijaona chakula kizuri kama kile. Mdogo wangu alinyoosha kidole, Papa akamgonga mkono polepole.

Alikipeleka kwenye sahani ya udongo mweupe, kitambaa kikining'inia mkononi, kama anavyoingia kwenye meza ya Madamu. Akasimama kando ya kitanda, wima, akingoja. Nilimlisha mimi. Mama alipokea kijiko kimoja, akakizungusha mdomoni, akameza. Papa na mimi tulitazama koo lake.

"Iko muzuri," Mama alisema. "Kumbe unapikaka vile. Bazungu biko na bahati."

"Ongeza," Papa alisema.

Mama akamshika mkono. "Asante, Papa Sifa. Asante sana." Aliisema kwa ile sauti aliyotumia uani kwetu, akiwaaga wageni wenye safari ndefu. Kisha akafunga mdomo, na kijiko cha pili kilimwagika kwenye blanketi.

Papa alidhani mkate ulikuwa mgumu. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akapika tena, na mkate akaulainisha. Siku iliyofuata aliongeza jibini. Aliingia kwenye jiko lile asubuhi na jioni, sasa bila kusimama mlangoni, na kila alipoingia nilisikia kisu upande mmoja wa ukuta, na upande mwingine Mama akivuta blanketi juu ya kichwa. Maji nayo akayakataa. Mvua ya palizi haikumkuta.

Tate alifika kwa maziko akiwa na matope hadi magotini. Kabla ya kukaa na wanawake wengine alipita jikoni, akaona sufuria, maganda ya vitunguu, na kitambaa cha Papa juu ya kuni.

"Nani alipikaka humu?" aliniuliza.

"Papa," nilisema, na nakumbuka nilisema kwa majivuno. "Alimupikia Mama siku zote."

"Mama yako akiwa muzima?"

"Ndiyo, Tate."

Akaketi chini, palepale kwenye majivu. Hakulia kwa sauti. Baadaye alimwomba mjomba amsaidie, wakayang'oa mafiga matatu na kuyabeba nje.

Miaka ilipita kabla Tate hajanieleza. Nilikuwa naolewa, nami nilikuwa nimetoka mtoni na mawe yangu. Aliniambia kwamba katika ukoo wao mume hupika kwenye mafiga ya mke wake siku moja tu: siku ambayo wanawake wanamwosha marehemu ndani ya nyumba. Huingia, huzima moto wa mke, huwasha wake, na chakula hicho huliwa na wanaochimba kaburi. Mwanamke mgonjwa akimsikia mume wake jikoni, ameambiwa kwamba watu wamemaliza kumngoja apone. "Mama yako alikuwa na utii," Tate alisema. "Hakutaka kubachelewesha."

Nilimsikiliza kama unavyosikiliza mambo ya wazee. Nilikuwa nimesoma kwa masista, nilijua mafiga ni mawe. Kisha mwaka mmoja homa ikanilaza, na mume wangu, mtu mpole, akaenda jikoni kunichemshia maji. Nilisikia kuni zikivunjwa. Sikumbuki nilivyotoka kitandani. Nakumbuka nikiwa mbele ya moto, nimemnyang'anya sufuria, na yeye akinitazama kwa hofu akiniuliza amefanya kosa gani. Mwili wangu ulikuwa umejibu kabla yangu.

Nilipopona nilipanda kwenda kwa Papa. Njia nzima nilikuwa na maneno ya Tate tayari. Nilifikiri mtu ana haki ya kujua. Alikuwa mzee, mzungu wake alikwisha kuondoka, hakuoa tena, na alikuwa anajipikia. Aliniona nimekonda akasema nisiondoke kwanza. Akamenya vitunguu, akakata, akakoroga, bila siagi, kwa mawese. Aliniwekea bakuli mbele, akasimama pembeni, wima, akitazama koo langu.

"Kula, mama," aliniambia. "Unaona? Wewe unakula. Na yeye angekula, angekuwa hapa. Kuna kitu sikutia, mpaka leo sijajua ni nini."

Nikala. Nikaomba aniongeze, nikala tena, mpaka chini ya bakuli.