Damu ya Mwanzo Humwagwa

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa Shaabani, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mbili, nimevaa koti jeupe lililonipwaya mabega, nimesimama mbele ya kitanda cha Bi. Zuwena na bomba la sindano mkononi. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na hospitali moja ya mjini Unguja ilinichukua maabara nijifunze kupima damu. Tangu hapo nimekaa Tanga, nimekaa Mombasa, nimekaa Maskati, na kila nilipotua nilihisi nimesahau kitu kule nilikotoka. Asubuhi ile sikuisahau popote. Naiandika kwa ajili yako wewe unayeanza kazi, iwe ya kupima damu au kupima kitu kingine chochote.

Bi. Zuwena alitoka Kidichi, mjane mwenye shamba dogo la mdalasini na iliki, na alikuwa na kisukari. Daktari alitaka kujua sukari yake inavyopanda na kushuka akishakula na kuchomwa insulini. Kwa hiyo damu yake ilitakiwa kila nusu saa, mara saba. Ili asichomwe mara saba, aliwekewa sindano moja mkononi ikaachwa humo, imeungwa na mpira mwembamba wenye urefu wa kiganja. Kila tulipomaliza kuchukua damu tuliujaza mpira ule maji ya chumvi, damu isigande ndani.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ukirudi baada ya nusu saa ukavuta, yanayotangulia ni yale maji, kisha damu iliyochanganyika nayo. Basi unavuta mara ya kwanza, unamwaga. Unavuta mara ya pili, na hiyo ndiyo unayopima. Alinifundisha hivyo Mzee Makame, mkuu wa maabara, mtu mfupi, mpole, aliyekuja kazini kwa baiskeli kutoka Mbweni na hakupata kuchelewa. "Damu ya mwanzo ni ya mpira, si ya mgonjwa," alikuwa akisema, "na sisi hatukuajiriwa kupima mpira."

Mara mbili za mwanzo nilifanya nilivyofunzwa. Bi. Zuwena aliitazama damu yake ikiingia kwenye beseni la bati. Mara ya tatu aliuvuta mkono wake.

"Mjukuu wangu, hiyo unayoimwaga umepewa na nani?"

Nikamjibu kwamba kazi ndivyo ilivyo, bibi.

"Mbu akishashiba huondoka. Wewe unakunywa, na nyengine unamwaga."

Vitanda vya jirani vikacheka, nami nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema amezaa watoto saba na hajapata kuona damu yake ikitupwa kama maji ya kuoshea samaki. Machozi yalikuwa yanamlenga. Mkono wake ulikuwa mwembamba, ngozi imelegea juu ya mshipa, nikamkumbuka bibi yangu aliyenilea. Nikaona haya, na huruma ikanishika. Nikajiambia, matone machache ya maji yataharibu nini?

Tangu hapo sikumwaga tena. Nilivuta mara moja tu, nikatia kichupani, nikaandika daftarini saa na dakika kwa mwandiko safi. Bi. Zuwena akaniombea dua, nizae nijengewe nyumba na wanangu. Nilijiona mtu mwema, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba wakati ninakosea nilijiona mwema.

Majibu yalionyesha sukari inashuka haraka sana. Daktari akaona dawa inamzidi nguvu, akaogopa isije ikamwangusha akiwa peke yake shambani. Akampunguzia insulini kwa nusu, akamruhusu kwenda nyumbani.

Siku ya nne mwanawe alimrudisha amembeba mikononi. Ulimi wake ulikuwa umekauka, macho mazito, na alipoitwa hakuitika. Mzee Makame alimchukua damu moja kwa moja mshipani, na sukari ikaonekana iko juu kupita kiasi. Daktari alitaka kumpa insulini ya kutosha, lakini daftari langu lilimzuia. Nilikuwa nimeandika humo, kwa mwandiko wangu safi, kwamba mwanamke huyu akipewa dawa kidogo tu huporomoka. Akasema ataanza kwa kiasi kidogo na kungoja. Na mtu yeyote aliyemwona Bi. Zuwena alijua kwamba hana muda wa kungojewa.

Mzee Makame akaniita maabara. Alikuwa amevitoa jokofuni vichupa saba vya Bi. Zuwena vya siku ile, akavipanga mezani kwa zamu zake. Damu ikikaa hujitenga, wekundu ukatuama chini na maji ya manjano yakabaki juu. Katika vichupa viwili vya mwanzo wekundu ulifika karibu na nusu. Katika vitano vilivyofuata ulikuwa umeshuka, wote kwa kimo kimoja, na maji yamejaa juu yake. Kipofu tu asingeona.

"Hivi viwili na hivi vitano ni vya mtu mmoja?" aliniuliza.

"Naam."

"Mtu huyo alipungukiwa damu ndani ya nusu saa?"

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Ningeweza kusema jokofu lilizimika umeme ulipokatika, au kwamba vichupa havikutikiswa vizuri. Mzee Makame hakunikaripia. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akawa ananingoja. Nikamweleza kila kitu, hata dua niliyoombewa.

"Usinambie mimi," akasema. "Mimi nshajua. Daktari yuko wodini na kalamu mkononi. Nenda kamwambie yeye."

Kutoka maabara hadi wodini ni ua mmoja tu, na sijapata kwenda safari ndefu kama ile, ingawa nimevuka bahari. Nilimwambia daktari kwamba namba tano za mwisho si za mgonjwa, kwamba sikumwaga damu ya mwanzo na maji ya chumvi yameishusha sukari kwenye kipimo. Alizipiga mstari zote tano, akamwambia muuguzi alete insulini. Mwana wa Bi. Zuwena, mchukuzi wa mizigo pale Darajani, mtu wa miraba minne, alisikia kila neno. Hakunigusa. Alinitazama tu, kisha akamgeukia mama yake, akamfunika miguu.

Bi. Zuwena alifumbua macho kesho yake alasiri. Alipopata nguvu ya kukaa, nilikwenda kumpigia magoti na kumwomba radhi, nikamfafanulia habari za mpira na maji ya chumvi.

"Kwetu Kidichi," akasema, "mfereji wa bomba ukilala umefungwa, asubuhi maji ya mwanzo hutoka na kutu. Tunayaacha yapite, ndo tunatega ndoo. Hakuna anayelia kwamba maji yanamwagwa." Akanishika mkono kwa mkono wake wa mkulima, wenye nguvu. "Mbona hukunambia kuwa ni kama mfereji? Ningekupa damu yote uliyotaka."

Sikumwambia kwa sababu sikudhani kwamba angeelewa.

Miaka ya karibuni, katika kuhangaika kwangu, nilipata kazi ya kusukuma vitanda kwenye hospitali kubwa ng'ambo. Wana mashine inayopiga picha za ndani ya mwili mfululizo, huku dawa yenye mionzi hafifu ikisafiri na damu. Damu yenyewe hutolewa kifundoni mwa mkono, ikapita kwenye mpira mrefu hadi kwenye kipimo. Siku moja nilimuuliza kijana wa pale, kazi ngumu hapa ni ipi? Akanyoosha kidole kwenye mpira. Akasema damu hufika kwa kuchelewa na imeshachanganyika na iliyotangulia, kwa hiyo wanahesabu hadi sekunde, wanasahihisha, na bado wanachukua nyingine kwa mkono ili kuhakikisha. Nikaenda kusimama dirishani. Nilimwona akilini Mzee Makame akifuta miwani yake.

Basi mwanangu, nakuachia haya. Mhurumie mtu, lakini huruma yako usiitie ndani ya kipimo chake. Mshike mkono, mpe maji, zungumza naye, kisha pima kama ulivyofunzwa. Jambo linalomuumiza mwelezee sababu yake, wala usimkadirie akili kwa sababu ni mzee au ametoka shamba. Na ukishakosea, uvuke ua siku ile ile, umkute mwenye kalamu kabla hajaandika.

Mola akupe mkono mtulivu na ulimi usioogopa kusema kweli. Akujalie umwone aliyelala kitandani mbele yako akiamka, akikutambua, akikuita kwa jina lako.