Mpishi wa Giakanja Anayejua Miezi ya Samaki

Saa moja asubuhi. Wavuvi saba wamekaa barazani wakinywa chai, na hakuna hata mmoja aliyegusa ufito wake wa kuvulia. Makoti wameyafunga hadi shingoni. Ukungu umelala juu ya mto Chania, mzito na mweupe, na msitu wa Nyandarua ulio ng'ambo haujulikani kuwa upo ila kwa harufu ya majani mabichi.

Wanamngoja mpishi.

Mpishi mwenyewe yuko ukingoni, aproni nyeupe imefungwa juu ya sweta ya kijani. Anainama, anatia mkono majini hadi kiwikoni, anainua jiwe la ukubwa wa mkate na kuligeuza. Chini yake wamenata wadudu wadogo waliojijengea vijumba vya mchanga. Anawatazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Kisha analirudisha jiwe mahali pake, upande uleule, na kupanda kilima taratibu.

"Bado," anawaambia. "Wamelala. Mkienda saa hii mtaosha mishipi tu. Kunyweni chai ingine."

Wanacheka, wanasogeza vikombe. Hakuna anayebisha.

Jina lake ni Magdaline Warigia, lakini katika nyumba hii ya wageni, maili nne juu ya soko la Giakanja, kila mtu humwita Mama Watiri, kwa jina la bintiye wa kwanza. Ana umri wa miaka arobaini na tisa. Alisoma hadi darasa la nne. Hajawahi kuvua samaki hata mmoja. Hata hivyo, mtu akitaka kujua aje mwezi gani kuvua trauti, wale samaki wa madoadoa walioletwa na wakoloni katika mito baridi ya milimani, barua yake huishia jikoni. Mwaka jana, 1980, zilifika barua hamsini na mbili.

Alianza kazi hapa mwaka 1967, kwa mshahara wa shilingi tisini na tano kwa mwezi. Mumewe, Hezekiah Mathenge, alikuwa fundi cherehani huko Majengo, mjini Nyeri, na cherehani peke yake haikutosha kulisha watoto wanne. Siku ya kwanza jikoni, Magdaline aliwekewa mbele yake samaki kumi na mmoja na kisu.

"Sikuwa nimewahi kushika samaki," anasema. "Kwetu, samaki ilikuwa kama nyoka tu. Nilitoka nje nikatapika. Nikarudi nikamaliza."

Mama yake, marehemu Wachuka, alikaa miaka mingi bila kunywa kitu katika kikombe kilichooshwa na binti huyo. "Aliniambia ati mikono yangu inanuka mto. Nilikuwa naenda kumwona Jumapili, nakaa mlangoni."

Lakini kuna jambo ambalo mwenye kupasua samaki huliona na mvuvi halioni. Muriithi, msaidizi wa wavuvi ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni mtoni, alijua kila kidimbwi na kila mzizi uliozama, ila hakuwa na haja ya kujua kilichomo tumboni. Magdaline hakuwa na njia ya kutokijua. Kila siku kilimwagika mbele yake.

Januari na Februari vilitoka vile vijumba vya mchanga, na wadudu wenye mabawa laini kama karatasi ya kufungia peremende. Julai, baridi ilipokaza, matumbo yalikuwa karibu matupu, na majike yalibeba mayai, mekundu kiasi, kama shanga. Agosti alikuta magamba ya kaa wadogo wa mtoni. Septemba, panzi. Na mvua za vuli zilipoanza, samaki wachache waliopatikana walikuwa wamejaa kumbikumbi hadi ngozi imekaza kama ngoma.

Akaanza kuweka. Alikusanya chupa za dawa ya kifua, akatia ndani yake alichokiona muhimu pamoja na spiriti kidogo, akabandika jina la mwezi. Nyuma ya kalenda kuukuu zilizotolewa na maduka ya mjini aliandika idadi ya samaki wa siku ile na walichokula. Hakuna aliyemtuma.

"Mzee wangu alinicheka sana," anasema, akiweka mkono mdomoni. "Akasema, wenzako wanasoma Biblia, wewe unasoma matumbo."

Kwa nini alifanya hivyo, basi? Nje ukungu umeanza kunyanyuka, na kipande cha mto kinaonekana, kisha kinafichwa tena.

"Nilipenda tu. Ukifungua hiyo tumbo, ni kama umefungua mlango ya nyumba na mwenyewe hayuko. Unaona vile alikuwa akiishi."

Mambo yangebaki hivyo, kati yake na chupa zake, kama si mwaka 1974.

Mwaka huo nyumba ilipata meneja mpya, Moffat Gicheru, kijana mchangamfu aliyetoka kufanya kazi katika hoteli za Nairobi. Aliyoyakuta hayakuwa mazuri. Vyumba vilikuwa vitupu majuma mazima. Wenye nyumba walikuwa wamemwambia waziwazi kwamba hali isipobadilika wangefunga milango, na wafanyakazi kumi na wanne wangerudi makwao. Gicheru aliamua kufanya mashindano makubwa ya kuvua, na akachagua sikukuu ya Oktoba, kwa kuwa wakati huo watu wa Nairobi walikuwa na mapumziko.

Alikuwa akiwaeleza wageni wawili mpango huo sebuleni Magdaline alipoingia na sinia ya chai. Mpaka leo hajui aliupata wapi ujasiri.

"Bwana Gicheru," alisema, "Oktoba siyo. Mvua ikianguka, kumbikumbi zitatoka, samaki zitashiba. Hazitaangalia hiyo manyoya yenu."

Manyoya aliyoyasema ni chambo cha wavuvi wa trauti: manyoya ya ndege yaliyofungwa kwenye ndoana ili yafanane na mdudu. Gicheru alimtazama, akatabasamu kwa adabu ya hotelini.

"Asante kwa chai, Mama."

Wageni ishirini na wawili walikuja. Siku ya kwanza jioni mvua ilinyesha juu Nyandarua, na asubuhi mto uliteremka na rangi ya uji wa wimbi, ukiburuta matawi. Kwa siku tatu walivua samaki wawili. Magdaline aliwapasua peke yake jikoni. Wote wawili walikuwa wameshiba kumbikumbi.

"Sikufurahi," anasema. "Watu hufikiri nilifurahi. Nilikuwa na watoto wanne, na hii kazi ilikuwa inaenda na maji."

Wageni walipokwisha kuondoka, Gicheru aliingia jikoni, jambo ambalo meneja hakuwa na desturi ya kulifanya, akaketi juu ya gunia la viazi. Viatu vyake vilikuwa na matope hadi kwenye kamba.

"Mama Watiri, ulijuaje?"

Magdaline alifuta mikono kwenye aproni. Alivuta sanduku kutoka chini ya meza, akazipanga chupa moja moja mbele yake, Januari, Februari, Machi, akaziruka Aprili na Mei ambazo hakuwa nazo, akaendelea hadi Desemba. Gicheru alizishika juu kwenye mwanga wa dirisha. Alikaa nazo hadi chai ya wafanyakazi ikapoa.

"Kama ni wewe, ungechagua lini?"

"Februari, wiki ya kwanza. Maji iko safi lakini haijakuwa kidogo sana, na mvua haijafikiria kurudi. Na wasiende alfajiri. Waende saa nne."

"Wavuvi wote duniani huenda alfajiri."

"Samaki za hapa hazijui hiyo dunia," Magdaline alimwambia. "Alfajiri maji ni barafu. Mdudu hatoki mpaka jua ifike. Mdudu asipotoka, samaki atatokea nini?"

Gicheru, ambaye sasa ana kitambi na miwani, anakumbuka alivyokesha na neno hilo. "Nilikuwa nimemwuliza kila mtu isipokuwa yule aliyekuwa na jibu," anasema. Aliwaandikia wageni wote barua ya kuomba radhi na kuwaalika upya. Kwa wenye nyumba aliomba muda hadi mwisho wa Machi. Walimpa, lakini walisema ni mara ya mwisho.

Februari 1975 walikuja kumi na tisa. Asubuhi ya kwanza hakuna aliyetaka kusikia habari ya saa nne. Walitoka gizani na taa za mkono, Muriithi mbele, wakarudi saa tatu na vidole vya buluu na vikapu vitupu. Mmoja wao aliuliza kwa sauti, ili asikike hadi jikoni, kama siku hizi ratiba ya mto inapangwa na wapika viazi.

Magdaline alikuwa amesimama mbele ya kikaango baridi. "Nilikuwa nimeanza kuhesabu ni shamba gani la chai nitaenda kuomba kazi."

Gicheru aliwasihi warudi mtoni mara moja tu. Walienda wakinung'unika. Saa nne ikapiga. Jua likaupita mgongo wa kilima, likaingia bondeni. Jikoni hakukuwa na la kufanya. Magdaline aliondoa sufuria motoni, akatoka mlango wa nyuma, akalipita bomba la maji, akaipita bustani ya mboga, akaendelea kuteremka. Katika miaka minane ya kazi hakuwahi kufika mtoni wakati wa kuvua.

Hapa sauti yake hushuka, na anayemsikiliza hana budi kusogea.

"Hewa ilikuwa imejaa. Wale wadudu wa chupa zangu. Nilikuwa nawajua wakiwa wamekufa, wamepondeka. Sasa walikuwa wanapanda na kushuka juu ya maji, mabawa yao yanaangaza, maelfu, bila kelele yoyote. Nilifikiri naota. Halafu maji ikaanza kufunguka. Duara moja, duara ingine. Samaki walikuwa wanakuja juu."

Alisimama kwenye nyasi ndefu, miguu imelowa, mikono ndani ya aproni. Hakuna aliyemwona. Mshipi mmoja ulikazika, kisha mwingine. Muriithi aliingia majini hadi magotini na wavu, akainua samaki aliye hai, akamwona Magdaline na kumletea karibu, kama mtu anayeleta mtoto aonwe.

Alikuwa amepasua maelfu ya samaki hao, na hakumtambua. Ubavuni mwake ulipita mstari mwekundu uliochanganyika na zambarau, kama anga la jioni baada ya mvua, na tumbo liling'aa dhahabu. Kila alipojinyonga rangi zilihama. Kisha, mbele ya macho yake, zikaanza kufifia.

"Hiyo rangi haijawahi kufika jikoni," anasema. "Hata siku moja. Inazimika njiani."

Alimwambia Muriithi amrudishe. Muriithi alimtazama mwenye samaki, na ajabu ni kwamba alikuwa yuleyule bwana wa wapika viazi. Mtu huyo alitazama samaki, akamtazama yule mwanamke mwenye aproni. Akaitikia kwa kichwa. Muriithi akauteremsha wavu, na samaki akaenda.

Kwa siku mbili walivua samaki sitini na mmoja. Mwezi huohuo vyumba viliagizwa hadi Septemba. Nyumba haikufungwa, na kati ya wale kumi na wanne hakuna aliyepoteza kazi. Mshahara wa Magdaline, ambao leo ni shilingi mia sita na arobaini, ulimwezesha kumsomesha Watiri, ambaye sasa ni mwalimu huko Gatitu. Hata mama yake Wachuka, miaka miwili kabla ya kufariki, alipokea kikombe cha chai mkononi mwake, akakinusa, akanywa.

Saa nne kasoro dakika kumi. Magdaline anatoka barazani, anatazama mahali kivuli cha kilima kilipofika, kisha anawageukia wavuvi saba.

"Sasa endeni."

Wanaondoka kimya kama watu wanaoingia kanisani. Mpishi anabaki na Muriithi, ambaye nywele zake zimeota mvi, na wawili hao wanaongea kwa sauti ya chini juu ya jambo ambalo limekuwa likimkosesha Magdaline usingizi.

Ni ile miezi miwili. Aprili na Mei, mvua za masika huujaza mto, wageni hukoma, jiko hufungwa, naye hupewa kazi nyingine ndani ya nyumba. Tangu aanze kuandika, miezi hiyo ni mitupu kwenye karatasi zake zote. Watu husema mto wakati huo umekufa. Yeye haamini. Chakula cha msitu mzima huteremka na maji hayo, anasema, na hakuna samaki wa kukaa na njaa mbele ya meza iliyojaa.

Mwaka huu ameomba likizo yake Aprili, mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, na Gicheru amekubali. Muriithi ameahidi kumvulia samaki mmoja kila Jumamosi, pale kwenye kidimbwi kilichotulia chini ya maporomoko, mmoja tu. Mathenge amemshonea koti la turubai lenye mifuko minne mikubwa ya kutilia chupa. Amekwisha kulijaribu. Linampwaya mabegani.

Anaulizwa atafanya nini na majibu akiyapata, maana hakuna mgeni atakayekuja kuvua katika mvua hiyo.

"Hakuna," anasema, na macho yake yanaufuata mto unakopinda na kupotea kwenye miti. "Nataka tu kujua wanaishi aje wakati hakuna mtu anawangoja."