Kitabu cha Nyanya Juu ya Boriti

Enzi zetu pale Garsen, mvua ya bara ikizidi, sisi watoto tulijua kazi inakuja. Maji ya mto Tana hayapigi hodi. Kabla hayajafika maktaba, Bi Hawayu, mkutubi wetu, alitupanga foleni mlangoni akatugawia vitabu tukavifiche nyumbani. "Mpe nyanyako," alituagiza, "umwambie ni kitabu. Usiongeze neno!"

Alikuwa mjanja yule mama, jamani! Kwa nyanya zetu wafugaji, ambao shule hawakuiona, kitabu kilikuwa kimoja tu, Msahafu. Nyanya yangu alikipokea kwa mikono miwili, akakifunga kwa leso safi, akakitundika juu ya boriti. Maji yakaingia, magodoro yakalowa, kuku wakahamia kitandani kwetu. Kitabu kikabaki kikavu.

Nikitaka kukisoma, sharti ninawe mikono na uso, nijifunge mtandio. Kumbe ni hadithi ya fisi aliyeiba nyama arusini! Nyanya alisikiliza ameinamisha kichwa, na nilipomaliza akasema, "Amin." Kesho yake akaniuliza, "Na huyo fisi, alitubu?"

Nilibana kicheko mpaka mbavu zikaniuma. "Hapana, Nyanya."

"Basi soma tena. Labda leo atatubu."

Tukasoma hivyo mpaka mto ukashuka, harufu ya kahawa na moshi imetujaa puani. Sijapata tena raha kama ile.

Watoto wa leo mnawajua, wenzangu. Binti yangu huiuliza simu kama nje kunanyesha, na dirisha liko hapo hapo. Majuzi nilimsimulia habari za yule fisi, akamtafuta simuni. Wakaja fisi wa kila namna, wanaoimba na wanaocheza ngoma. Wa nyanya hakuwemo. Nilijiona kama nimefiwa mara ya pili, maana sauti ya nyanya ilibaki ndani ya hadithi ile tu.

Nikamshika binti mkono tukaenda maktaba. Bi Hawayu bado yupo, mwaka huu anastaafu. Nilisema tu, "Natafuta hadithi ya fisi," akanikatiza.

"Ile ya nyanyako? Alikuja hapa mwenyewe, akaniuliza kama nina kitabu kingine ambamo fisi ametubu."

Nikaduwaa. Kumbe nyanya alijua si Msahafu! Alijua muda wote, na bado akaninawisha uso.

Bi Hawayu akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya nyuma, akarudi na kile kile cha nyanya. Nilikinusa. Moshi wa jikoni kwetu bado umo, wallahi, au ni mimi tu ninayeutamani. Binti akanyoosha mkono, vidole vinang'aa mafuta ya bajia.

"Nawa mikono kwanza," nikamwambia.

Akacheka. "Mama, si ni kitabu tu?"

Bi Hawayu akanitazama, nami nikakiinua kitabu juu, mbali na vidole vile. Laiti nyanya angekuwepo, amjibu yeye.