Safu Iliyokuwa Tupu

Niseme kabla sijaanza kupamba: neno lile nililiandika mimi, kwa kalamu ya bluu, mbele ya kila jina.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Mwandiko nilijifunza mwenyewe, kwa kunakili magazeti yaliyobandikwa ukutani jikoni kwetu, kijijini Gitting. Herufi ikilegea, nilichana ukurasa nikaanza upya. Mama hajui kusoma, lakini kila mgeni aliyekuja alionyeshwa madaftari yangu.

Mwaka ule wa vocha za pembejeo, mtendaji wa kijiji aliniita ofisini. Wakulima waliochaguliwa wangepewa vocha, wazipeleke kwa wakala, wapate mbolea na mbegu kwa bei iliyopunguzwa na serikali. Majina yao yalitakiwa kubandikwa ubaoni ili kila mtu aone. Orodha yake ilikuwa imemwagikiwa chai.

"Shikamoo, mtendaji."

"Marahaba, binti. Wakaguzi wa wilaya wanakuja. Nataka karatasi safi, isiyowapa maswali."

Nilipiga mistari kwa rula. Jina la mama lilikuwemo. Nililiandika taratibu kuliko mengine yote, nikiwaza shamba letu la mteremkoni, ambako mahindi ya mwaka uliopita yaligeuka njano yakaishia kiunoni. Safu ya mwisho ilikuwa tupu. Sitadanganya, ilinikera. Ukurasa ulionekana kama kazi iliyoachwa njiani.

"Hapa niandike nini?"

"Andika 'amepokea'. Vocha zinafika kesho kutwa, watakuja kuweka dole gumba. Usiwe na wasiwasi."

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Siku ile wasiwasi wangu wote ulikuwa juu ya herufi, kama zinalingana.

Kesho kutwa ikapita. Wakaguzi wakaja, wakaipitisha karatasi bila swali. Mvua zikaanza. Mama akaenda kwa wakala kuulizia vocha zake, akarudi mikono mitupu.

"Anasema vocha zangu zimeshaletwa na mtu. Ati nikaangalie ubaoni." Akakaza kitenge. "Twende ukanisomee."

Tulikuta watu wamejaa. Mzee jirani yetu alikuwa akicheka kwa hasira.

"Eti nimepokea! Labda nilikuwa nimelewa."

"Wewe unakumbuka hata pombe ya mwaka juzi," mwenzake akamjibu. "Muulize mbuzi wako, pengine ndiye aliyekuwekea dole."

Mama hakucheka. Alinishika bega.

"Soma langu."

Nilitamani kusema sijaliona. Nikasoma jina, nikaishia hapo.

"Na mbele yake?"

"Amepokea."

"Nani kaandika?"

Mtendaji alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, kisha akatazama kucha zake.

"Mimi, mama."

Nikaeleza yote mbele ya watu, hata jinsi ile safu tupu ilivyonikera. Mtendaji akasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba yeye alinipa kazi ya kunakili tu. Kama kuna nyongeza, aulizwe binti. Ile karatasi yenye chai haikuonekana tena.

Mama akasogea ubaoni, akapitisha kidole juu ya neno asiloweza kulisoma.

"Ni zuri," akasema. "Ndiyo maana wakaguzi wamelikubali."

Mwaka ule tulipandia samadi, na haikutosha hata nusu ya shamba. Wageni waliendelea kuja, na mama aliwapikia chai kama kawaida. Madaftari yangu hakuyatoa.