Mzee wa Radi na Mtihani wa Mama

Mama alifeli mtihani wa uraia kwa swali moja, na swali lenyewe nilimfundisha mimi.

Tulikuwa Louisville, mwaka 2014. Mtihani ule unaulizwa kwa mdomo, maswali kumi, ukipata sita umepita. Mama alikuwa ameshapata matano. Swali la kumi likawa la yule mzee, mmoja wa walioianzisha Amerika, ambaye sura yake iko kwenye noti ya dola mia tunayoiona kwa nadra: taja jambo moja lililompa sifa. Mama akanyamaza. Ofisa akarudia polepole. Mama akaangalia mikono yake. Basi, akapewa karatasi ya kurudi mara ya pili, na ya pili ndiyo ya mwisho.

"Mama, lile ulikuwa unalijua!" nilimwambia kwenye gari.

"Nilikuwa nalijua."

"Sasa?"

"Sitaji mambo ya mtu yule mbele ya watu wa serikali. Tena siku yenye mawingu."

Nikapiga usukani kwa kiganja. Mimi sina subira, nasema mapema.

Halafu haukuwa mtihani wa Mama peke yake. Tulipokuwa kambini Kigoma, sisi wakimbizi wa Burundi, kila familia ilikuwa na kadi ya chakula. Dada yangu mkubwa aliandikwa kwenye kadi ya bibi, kwa sababu bibi alikuwa haoni vizuri, alihitaji mtu wa kumchotea maji. Nyumba nyingi zilifanya hivyo. Lakini watu wa Amerika walipokuja kutuhoji walifuata kadi. Waliokuwa kwenye kadi yetu walipanda ndege. Dada akabaki na bibi, bibi akafariki, dada akaolewa hukohuko. Mtoto aliyeolewa haombewi kuja Amerika na mzazi mwenye green card tu, kile kibali cha kukaa. Mzazi lazima awe raia. Kila Jumapili dada alipiga simu: "Mama, umeshakuwa Mmarekani?" Aliuliza kama mtu anayeuliza kama homa imeshuka.

Kumfundisha Mama ilikuwa kazi yangu, maana mimi ndiye niliyemaliza high school. Nilimfundisha nikitoka shifti kwenye ghala la vifurushi, yeye akitoka kiwandani kukunja mashuka ya hoteli. Wote tumechoka. Maswali mia moja. Tulipofika kwa yule mzee nikaona uvivu kueleza, nikachukua kitabu cha watoto maktaba, nikamfungulia picha: mzee amesimama mvuani, anarusha tiara, ufunguo unaning'inia kwenye kamba, radi inashuka. "Huyu ndiye. Alikamata radi. Sema hivyo, tuendelee." Mama akafunga kitabu, akasema amesikia. Sikuangalia uso wake.

Mimi mwenyewe yule mzee nilikuwa nampenda. Siku ya kwanza nilipopewa kadi ya maktaba, nilimrudishia yule mama wa pale dirishani, nikasimama nikingoja aitoboe. Kambini kila kadi ilitobolewa, tundu moja kwa kila mgao. Akacheka vizuri tu, akasema hapa hatutoboi, chukua vitabu. Baadaye nikasoma kwamba yule mzee na wenzake ndio waliochanga vitabu vyao mpaka ikawa maktaba. Nikasoma pia kwamba alikuwa na daftari lenye tabia njema kumi na tatu, na kila siku alijiwekea nukta pale alipokosea.

Nikachora jedwali kama lake. Kazini, juu ya vichwa vyetu, kulikuwa na skrini inayoonyesha mwendo wa kila mtu, kijani au nyekundu, na nikaona kama daftari la mzee limekua likatundikwa ukutani. Mwenzangu wa kwenye mkanda wa kusafirisha vifurushi alivaa saa ya kuhesabu hatua zake. Bosi alibandika malengo yake ya mwaka kwenye friji ya chumba cha kulia. Kwetu mtu mwenye hasira wanasema ndivyo alivyozaliwa, mwacheni. Hapa wanaamini mtu anatengenezeka, kama gari. Nafikiri hilo wamelirithi kwake kuliko hata radi.

Katika zile kumi na tatu nilitafuta subira. Kuna ukimya, kuna utaratibu, kuna bidii, mwisho kabisa kuna unyenyekevu. Subira haimo. Nikafurahi, nikasema basi mimi ni Mmarekani tayari.

Mama alipofeli aliniambia hataki tena kufundishwa na mimi. Akataka kwenda Columbus kwa mdogo wake, ambaye alikuwa ameshapita mtihani. Nikamwendesha. Mama mdogo anakaa Hilliard, pembeni ya Columbus, anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, kwa hiyo subira anayo ya kugawa.

Mchana wa siku ya pili mvua kubwa ikaja. Mama akainuka, akatoa kitambaa chekundu kwenye kochi, akaenda kufunika kioo cha sebuleni kwa khanga, visiite radi.

"Dada, mpaka leo?" mama mdogo akasema. Alikuwa anachambua lengalenga, mchicha wa kwetu.

"Radi haiombi viza."

Nikaona hapo ndipo pa kumshtaki. "Mama mdogo, amefeli kwa sababu anamwogopa mzee wa tiara!"

"Wewe ulimwambia nini?"

Mama ndiye aliyejibu. "Alinionyesha picha. Mtu mzima yuko kwenye mvua anaiita radi kwa kamba. Huyu mtoto ananiambia, sema hivyo, tuendelee. Aliyemtumia radi kaka yetu naye si aliita?"

Mjomba wangu alipigwa na radi kambini, chini ya hema la plastiki, na watu walisema imetumwa. Habari ile nilikuwa naijua tangu mdogo. Sikuwahi kuiweka karibu na ile picha.

Mama mdogo aliendelea na majani yake. "Dada, unaikumbuka hospitali ya kambi? Juu ya paa kulikuwa na nini?"

"Kile chuma kirefu. Chenye waya mpaka ardhini."

"Mtego wa radi. Waliuweka baada ya kaka. Tangu uwekwe, pale radi ilimuua nani?"

Mama alifikiri. "Hakuna."

"Basi ni wa mzee huyohuyo. Alitaka kujua radi ni kitu gani, alipoijua akaitengenezea njia yake ya kupita, isipite kwa watu."

"Kwa hiyo si mchawi. Ni mganga."

"Haya, mganga."

"Alidai nini? Mbuzi?"

"Hakudai kitu. Aliacha kila mtu atengeneze chake."

"Mganga asiyedai mbuzi," Mama akasema, "huyo ndiyo kwanza namsikia."

Khanga haikutoka kwenye kioo, lakini kitambaa chekundu alikirudisha.

Jioni nilifungua orodha ya majibu ya serikali. Wanakubali posta, wanakubali maktaba, wanakubali ubalozi. Radi haimo kabisa! Mimi ndiye niliyeiingiza, kwa haraka zangu. Nikatoa jedwali langu, nikachora mstari wa kumi na nne chini ya unyenyekevu, nikaandika subira, nikaweka nukta. Na mzee mwenyewe alikuwa na zake. Aliwahi kumiliki watu, uzeeni ndipo akasimama upande wa kuwaachilia. Hilo mtihani hauulizi.

Mara ya pili, Louisville, Mama alijibu sita mfululizo, ofisa akafunga faili. Alinisimulia tukishuka ngazi.

"Nikamwambia, hujaniuliza yule mzee."

"Mama! Umeshapita, si ungenyamaza?"

"Mara ya kwanza nilimnyima jibu. Nikamwambia aliweka chuma juu ya hospitali, na mimi wewe nilikuzaa chini yake."

"Akasemaje?"

"Alivua miwani. Akasema hilo alikuwa halijui."

Baada ya kiapo cha uraia tulihamia Buffalo, nilipata kiwanda kinachotoa shifti za mchana. Fomu ya kumwombea dada tuliipeleka posta ya jirani, ya Kenmore, theluji imefika magotini. Nje kulikuwa na sanduku la barua, nikataka kutumbukiza tuondoke. Mama akakataa, akapanga foleni.

"Posta nayo ni yake?" aliniuliza.

"Alikuwa mkuu wake wa kwanza."

"Basi sawa." Akamkabidhi mtu wa dirishani bahasha kwa mikono miwili.

Jumapili dada akapiga. Mama alikuwa kanisani, nikapokea mimi.

"Mmetuma?"

"Tumetuma."

"Nitakuja lini?"

Nilitamani kumwambia mwakani. "Ni miaka, dada. Mingi. Pengine kumi."

Upande wake nilisikia kuku, na mtu anatwanga. "Haya," akasema mwishowe. "Wanangu watakuwa wameshajua kusoma. Nitumie hayo maswali mia, waanze sasa hivi."

Nimeanza kuyaandika kwa mkono, kwa Kiswahili, matano kila siku, bila kuruka. Kwa yule mzee nimeandika majibu yote ya orodha, na chini yake nimeongeza chuma cha hospitali.