Pundamilia wa Maganda ya Mahindi

Ninayo siku moja, mwanangu, ambayo sijaweza kuisahau, na ukishaisikia kwenye simu hii nataka nawe usiisahau.

Juzi mjukuu wangu alikuwa anamaliza chekechea pale Bomani. Mama yake, binti yangu Rhobi, akanipigia simu. Akaniamkia, nikamwitikia, halafu akasema, "Baba, karibu kwenye mahafali. Ila mapambo ya ukutani safari hii tuyaache." Akacheka. Mimi sikucheka. Nilijua anasema nini.

Shule niliacha darasa la pili, na sioni aibu kukwambia. Nilivunja mawe ya dhahabu Kewanja mpaka viganja vikawa vigumu kama kwato. Nikanunua ndama, ndama wakawa zizi. Wenzangu waliosoma bado wanaezeka nyasi, mimi nalala chini ya bati. Kwa hiyo kijiji chetu kule Susuni kilipotaka chumba cha chekechea, Rhobi akiwa bado mdogo, mabati niliyatoa mimi, na kila aliyepita nilihakikisha analijua hilo.

Chumba kilikuwa karibu na mto. Upande huu sisi, watu wa chui. Ng'ambo watu wa pundamilia. Mambo yetu unayajua: mnyama wa ukoo hatumli wala hatumfanyii mzaha. Na wakati ule koo hizi mbili zilikuwa zimetoka kuchukuliana ng'ombe, vidonda havijakauka. Lakini watoto wa pande zote walisoma pamoja, kwa sababu chumba kilikuwa hicho kimoja.

Mahafali yalipokaribia, mwalimu wao akasema hakuna kununua mapambo. Watoto watengeneze kwa mikono, mama na bibi zao wawasaidie. Wakakata mifuko ya saruji wakaunga minyororo ya karatasi. Wakasokota maua kwa maganda ya mahindi. Na kila mtoto akatengeneza mnyama wa kubandika ukutani.

Siku moja kabla ya sherehe nilikutana njiani na Marwa, wa rika langu, tuliingia jandoni pamoja. Mtu wa maneno huyo.

"Hongera, baba Rhobi," akaniambia. "Mabati yako, ukuta wao."

"Wao nani?"

"Nenda kaone. Pundamilia yuko juu ya mlango, amenenepa kama amelishwa shambani kwako. Chui wako wamembana dirishani kama paka wa jikoni."

Alikuwa anatania tu. Lakini mimi niligeuza baiskeli palepale.

Nilikuta ni kweli. Pundamilia mkubwa, wa maganda ya mahindi yaliyoshonwa juu ya gunia, michirizi imechorwa kwa masizi ya chungu, mkia wa katani. Alikuwa mzuri, mwanangu. Hilo nililiona na bado nikakasirika. Chui alikuwa mdogo pembeni, madoa yake punje za kahawa zilizobandikwa moja moja.

Ndani walikuwemo mwalimu, akina mama kadhaa, na bibi mmoja wa ng'ambo na mjukuu wake Mwita. Rhobi wangu alikuwa sakafuni na bakuli la kahawa.

"Nani kamweka huyu juu ya mlango?" nikauliza.

"Watoto wenyewe," mwalimu akasema. "Ndiye mkubwa, akaonekana anafaa pale. Kaa kwanza, baba Rhobi, nikueleze."

Sikukaa. Mabati yangu, nani anieleze? Nikapanda kwenye benchi, nikamvuta pundamilia yule, gunia likachanika katikati. Nikamtupa chini, kahawa za Rhobi zikamwagika. Mwalimu akasema polepole, "Huyo ni kazi ya Rhobi. Alimtengenezea Mwita. Na chui, Mwita ndiye aliyemtengenezea Rhobi. Walikubaliana wenyewe."

Nikamtazama Rhobi. Hakulia. Alikuwa anaokota kahawa zilizomwagika, anazirudisha kwenye bakuli, haniangalii.

Yule bibi ndiye aliyeinama akakiokota kile kipande cha gunia. Alikuwa umri wa mama yangu. Akaniambia, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, ng'ombe akichukuliwa, mnafuata nyayo mpaka mnampata. Hiki ulichowachukulia hawa watoto, utakifuata wapi?"

Akamshika Mwita mkono, wakavuka mto.

Kesho yake watoto waliimba mbele ya ukuta ule. Juu ya mlango palikuwa patupu. Rhobi alisimama mstarini, mdomo kaufunga. Mwita hakuja. Baadaye nikasikia wamempeleka kwa ndugu zao Serengeti, na watoto wengine wa ng'ambo wakaacha kuja mmoja mmoja.

Ningeweza kuvuka. Mto ule kiangazi maji hayafiki magotini. Kila wiki nilisema nitakwenda kumwona yule bibi, kisha nikajiambia mtu mwenye zizi kama langu haendi kuomba radhi kwa sababu ya maganda ya mahindi. Siku nilipovuka kweli, nilivuka kwenda kumzika.

Juzi Bomani nilikaa kiti cha nyuma, mikono mapajani. Ukutani walikuwepo wanyama wa kila namna. Rhobi akaja kukaa karibu nami. Nikamuuliza, "Twiga yule ni wa mwanao?"

"Hapana, baba. Wa rafiki yake."

"Na wake yuko wapi?"

"Sijui. Amempa mtu."



Basi nisikilize. Mtoto akitengeneza kitu, muulize kwanza amemtengenezea nani, kabla hujauliza kitu kingine. Ugomvi wa wakubwa uache nje pamoja na viatu vyako. Ukitoa mabati, umetoa mabati. Ukuta si wako. Na ukikosea, vuka siku hiyohiyo, matope yakupake, watu wakucheke. Mimi nilingoja maji yapungue, na hayakuwa mengi.

Ungekuwa karibu ningekutemea mate kifuani kama wazee wetu wanavyobariki. Mungu akupe zizi na watoto. Akupe na jirani ng'ambo ya mto, na miguu myepesi ya kumfikia angali hai.